SOMO LA KAMATI: DADA WA KAZI NA FAMILIA INAYOMWAJIRI



Katika toleo hili tunawaletea somo linaloweza kusomwa kwenye kikao cha kamati au katika jumuiya ndogondogo. Linamhusu mtu anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho katika nyumba zetu nyingi: dada wa kazi. Tumelichagua kwa sababu ndani ya parokia zetu wamo wanaowaajiri mabinti hawa, na wamo pia wazazi waliowatoa. Pande zote mbili hukaa benchi moja siku ya Jumapili.

Hali ilivyo

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu. Mji wa mkoa una watumishi waliohamia kutoka mbali, wasio na bibi wala shangazi wa kubaki na mtoto. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84 kwa kawaida. Zikiisha, mwalimu au muuguzi anarudi kazini na mtoto wa miezi mitatu anabaki nyumbani. Anabaki na nani? Na dada. Bila dada, mama huyo hawezi kufundisha wala kuingia zamu ya usiku. Kwa hiyo tusiseme dada "anasaidia tu". Kazi yake ndiyo inayowezesha kazi ya mama na kipato cha nyumba nzima.

Dada huyo mara nyingi hutoka kijijini, katika Nsimbo, Mlele, Mpimbwe au Tanganyika. Wengine hupanda treni ya Mpanda kupitia Kaliua hadi Tabora, na kutoka hapo huendelea Mwanza au Dar es Salaam. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa Katavi, wasichana 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko mikoa yote. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Basi tusishangae kukuta binti anayembembeleza mtoto wa watu mjini, huku wa kwake akilelewa na bibi kijijini.

Neno zuri linaloficha jambo

Mwajiri mwema husema, "Huyu ni kama mwanangu." Mzazi naye humwambia, "Nakukabidhi mtoto, mlee kama wako." Maneno haya ni mazuri, na mara nyingi yanatoka moyoni. Lakini tujiulize: mwanangu huenda shule; yeye je? Mwanangu akiugua, kazi husimama; yeye je? Mwanangu hula nasi mezani. Yeye hula wapi?

Tuchukue mfano. Binti anaamka saa 11 alfajiri kuchemsha chai, na analala saa 4 usiku baada ya kuosha vyombo. Hizo ni saa 17. Mshahara hapewi, anaambiwa, "Nakutunzia." Mwaka unapita. Siku moja kikombe kinavunjika, maneno yanakuwa makali, na binti anarudishwa stendi na nauli tu. Akiuliza fedha zake anaambiwa alikula na kulala bure. Kama mshahara ulikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, amepoteza shilingi 720,000. Hana karatasi, hana shahidi. Hapo ndipo neno "mwanangu" linapogeuka kuwa hasara yake.

Sheria inasema nini

1. Umri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyetimiza 14 aweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala masomo yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kufanya kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

2. Saa na mapumziko. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ipo siku ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kila mwaka. Nasi tukumbuke kwamba amri ya Sabato, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, inamtaja mtumwa na mjakazi kuwa nao wapumzike kama bwana wao.

3. Mshahara. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, 120,000 kwa anayelala kwake, na 250,000 kwa aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa. Amri mpya ilitangazwa Oktoba 2025, ianze kutumika 1 Januari 2026. Kamati iulize kiwango kipya kwa Afisa Kazi.

4. Maandishi. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na kumweleza kama hayaelewi. Mgogoro ukitokea na maandishi hayapo, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Aliyeachishwa kazi isivyo halali hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine ndani ya siku 60.

Tufanye nini?

Kwa mwajiri: andika karatasi moja yenye mshahara, siku ya kupumzika na kazi zenyewe. Nunua daftari, kila mwezi lipa, na wote wawili mtie sahihi. Mshahara ukijulikana na kulipwa, binti hana sababu ya kutoroka, na mtoto wako habadilishiwi mlezi kila baada ya miezi mitatu.

Kwa mzazi: usimtoe binti kwa mtu usiyemjua. Pata jina, mtaa na simu, na uongee na binti mwenyewe kila wiki, si na mama mwenye nyumba pekee. Tangu Novemba 2021, msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi. Uliza shule kwanza, kazi baadaye.

Kwa kamati: chagueni mama mmoja ambaye mabinti wa kazi wanaweza kumwendea baada ya ibada. Penye ukatili kwa mtoto, pigeni simu 116. Mjini Mwanza, shirika la WoteSawa linatetea mabinti wa namna hii. Na CHODAWU ni chama cha wafanyakazi kinachowapokea wa majumbani.

Kwa wafadhili wetu: wengi wenu mnaishi mijini, na pengine binti wa Katavi anawapikia leo. Kabla ya kutuma mchango wenu kwetu, hakikisheni mshahara wake umelipwa. Huo nao ni mchango kwa kijiji alikotoka.

Maswali ya kujadili

1. Katika jumuiya yetu, ni nyumba ngapi zina dada wa kazi? Tunayajua majina yao?
2. Dada wa nyumbani kwako hupumzika siku gani?
3. Akiondoka leo, unamdai au anakudai?