Dondoo muhimu: Tairi za barabara ya Djugu

Kutoka Bunia kwenda Djugu na Fataki kwa barabara ya RN27, jua likiwaka unakula vumbi jekundu. Mvua ikinyesha, udongo uleule unakuwa sabuni. Chagua tairi kwa ajili ya siku ya mvua.

Rimu ndogo ndiyo rafiki. Tairi za 265/70R16, 265/65R17 na 265/60R18 zina kimo karibu sawa, milimita 775 hadi 777. Ila ubavu wa ile ya R16 una milimita 185, wa R18 159 tu. Ubavu huo ndio unaomeza mashimo na mawe. Rimu kubwa inayong'aa ni ya harusi.

Usikimbilie ukubwa. Ukitoka 265/70R16 ukavaa 285/75R16, gari linapanda milimita 28 hivi, lakini saa ya mwendo ikisoma 80 unakwenda karibu 86, gari linakuwa zito kuondoka, na tairi inaweza kusugua madigadi ukikata kona. Kabla ya kulipa, zungusha usukani mpaka mwisho, pande zote mbili.

Soma pia namba ya mzigo: 112 ni kilo 1,120 kwa kila tairi. Abiria saba na magunia juu? Piga hesabu.

Spea iwe ya kipimo kilekile. Na waulize makwado (mafundi wa tairi) wa Bunia kipimo gani wanacho kila siku; tairi nzuri isiyopatikana itakulaza njiani.