Mtu Mwenye Usonji Wakati wa Mafuriko na Baada Yake

Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuingia mji wa Katesh, Tanzania, familia zilizopoteza makazi zilihifadhiwa shuleni. Kwa mtu mwenye usonji, maafa kama hayo ni pigo mara mbili: hatari yenyewe, na kutoweka ghafla kwa kitanda, ratiba na utulivu aliouzoea.

WAKATI WA DHARURA

Uso wake usiwadanganye. Anaweza kucheka au kutulia kimya huku amejaa hofu. Mayowe na msongamano humlemea. Huenda akapiga kelele, akajipiga, akakimbia, au akaishiwa maneno hata kama ni msemaji. Huo si utovu wa adabu wala si mashetani. Kumchapa kunamzidishia hofu.

• Semeni kwa ufupi: "Maji yanakuja. Tunakwenda shuleni. Mama yupo."
• Kama hapendi kuguswa, msimkumbatie kwa nguvu. Hatari ikifika, mshikeni mkono mwondoke.
• Awepo mtu mmoja asiyemwacha hata kidogo. Baadhi ya watoto wenye usonji huvutwa na maji na huponyoka kimyakimya.

BAADA YA DHARURA

Hofu na huzuni huweza kuchelewa kujitokeza kwa siku, hata wiki. Mtoto anaweza kukosa usingizi, kukojoa kitandani, kurudia swali lilelile au kuogopa kila wingu. Mtu mzima anaweza kujifungia, kuacha kuoga au kukasirika ghafla. Mlinganisheni na alivyokuwa kabla, si na watu wengine.

• Rudisheni mazoea mapema: uji saa ileile, kulala upande uleule.
• Kambini, ombeni kona tulivu.
• Msifiche msiba. Mkimwambia marehemu "amesafiri", atamsubiri arudi.

MPELEKENI KITUO CHA AFYA

Nendeni mara moja akijiumiza, akikataa kula na kunywa, au akizungumzia kujiua. Nendeni pia kama mabadiliko hayapungui baada ya mwezi. Mwambieni mhudumu amchunguze mwili pia: jino au sikio linalouma huonekana kama hasira kwa asiyeweza kulisema.

JIANDAENI MAPEMA

Wekeni mfuko wenye dawa zake, chakula anachokikubali, kitu anachokipenda, na karatasi yenye jina lake, simu ya mzazi na namna ya kumtuliza. Kiangazi, tembeeni naye mara kadhaa hadi mahali salama, ili masika yakija njia iwe anaifahamu.