MBUNG'O NA MABAWA YAKE

Nzi wako wa namna nyingi, na mtu asiyewaangalia vema hudhani kuwa wote ni wamoja. Nzi wa nyumbani huchafua chakula; lakini mbung'o huuma, na kwa kuuma aweza kumtia mtu ugonjwa wa malale, na ng'ombe ugonjwa wa nagana. Kwa hiyo yafaa kujua kuwapambanua, hata katika picha.

Kwanza hutazamwa mabawa ya nzi aliyetua. Nzi wa nyumbani huyaacha mabawa yake yametengana, na juu ya kifua chake iko mistari minne myeusi. Mbung'o huyalaza mabawa yake mgongoni, moja juu ya jingine, kama makasi yaliyofungwa. Tena mdomo wake wa kunyonyea damu umechomoza mbele ya kichwa. Nzi wa zizini naye ana mdomo wa namna hiyo, lakini mabawa yake hayapandani. Picha ikiwa kubwa, katikati ya bawa la mbung'o huonekana mishipa iliyozunguka sehemu yenye umbo la shoka. Hiyo ndiyo alama yake ya hakika.

Mabawa huonyesha umri pia. Ngozi ya mtu ikikwaruzwa hupona, lakini bawa la nzi likichanika haliungi tena. Mbung'o kijana ana mabawa mazima. Akiisha kuruka siku nyingi, ukingo wa nyuma huwa na mapengo, kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Mtaalamu C. H. N. Jackson, aliyewachunguza mbung'o huko Shinyanga, katika Tanganyika ya zamani, alieleza mwaka 1946 jinsi ya kuyapanga mabawa katika madaraja 6: la kwanza ni bawa zima, na la sita ni bawa lililochakaa kabisa.

Je, kujua umri kuna faida gani? Mbung'o hazaliwi na vijidudu vya malale. Huvipata kwa kunyonya damu yenye vijidudu hivyo, navyo hukaa mwilini mwake yapata majuma 3 kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Basi si kila mbung'o mzee anavyo, lakini wazee ndio wa kuogopwa. Watu wakitega mitego, na baadaye mbung'o wanaonaswa wakawa wengi wao vijana, ni dalili njema: wachache tu huishi hata kuzeeka.

Lakini nzi mmoja asihukumiwe peke yake. Hata kijana aweza kuchanika bawa kwa ajali siku moja. Hutazamwa wengi, ndipo husemwa neno.

MASWALI
1. Mbung'o na nzi wa zizini hufanana kwa nini, tena hutofautiana kwa nini?
2. Kwa nini bawa lililochanika haliwi zima tena?
3. Kwa nini mbung'o mzee ana hatari kuliko kijana?