Mtihani wa Kuingilia Chuo Huanza Lini?

Wengi katika sisi hudhani kwamba mtihani wa kuingilia chuo kikuu ni jambo la mwaka wa mwisho wa skuli. Kijana huachiliwa miaka mitatu apendavyo, kisha mwaka wa nne akatafutiwa mwalimu wa usiku, na mama akaanza kumwombea dua. Dua ni njema, na mwalimu wa usiku hana ubaya. Walakini mlango autakao kijana yule huenda ukawa umekwisha fungwa zamani, naye ndiye aliyeufunga kwa mkono wake, na mzee wake hana habari.

Twaeleza. Hapa Kenya mtihani wa KCSE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, ndio pia wa kuingilia chuo. Hapana mwingine baada yake. Mwenye wastani wa C+ huweza kuomba masomo ya digrii, lakini C+ peke yake haimpi fani aitakayo, kwani kila fani ina masomo yake manne yatazamwayo mbali. Atakaye uhandisi hutakiwa Hisabati na Fizikia. Atakaye udaktari hutakiwa Biolojia na Kemia. Na watahiniwa wa KCSE masomo hayo waliyachagua kabla ya kuingia kidato cha tatu. Mmoja aliiacha Fizikia kwa kuwa rafiki yake ameiacha, na mwingine kwa kuambiwa kwamba haiwezekani pamoja na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Hilo si kweli. Katika masomo manane nafasi ya yote mawili ipo.

Pale Tudor, Mombasa, kilifunguliwa mwaka 1951 chuo cha MIOME ili Waislamu wapate elimu ya ufundi. Chuo hicho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na uhandisi wafundishwa humo. Kijana wa Majengo aweza kukiendea kwa miguu. Lakini aliyeiacha Fizikia hupita langoni tu, wakaingia waliotoka mbali.

Na sasa chaguo limekuja mapema zaidi. KCSE hii yatazamiwa kufanywa mara ya mwisho mwaka 2027. Katika mpango mpya, ambao darasa lake la kumi lilianza Januari 2026, mtoto huchagua mkondo angali darasa la tisa: wa sayansi na hisabati, au wa elimu za jamii, au wa sanaa na michezo. Hata Hisabati imegawanywa mbili, moja kamili kwa watu wa sayansi na moja nyepesi kwa wengine. Tena si kila skuli ifundishayo mikondo yote mitatu. Basi mzazi amwulize mwalimu, kabla ya fomu kujazwa: mkondo huu wafungua fani zipi, na zipi wazifunga? Twastaajabu kuona kwamba mzee ajuaye bei ya kila kitu cha harusi ya mwanawe hajui masomo aliyoyachagua mwana huyo.

Ama waliobakiwa na KCSE, wasikate tamaa, bali wajue mtihani ulivyo. Hisabati ina karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu. Maswali 16 ya kwanza ni lazima yote, kisha huchagua matano katika manane. Alama ni 100 kwa dakika 150, yaani dakika moja na nusu kwa alama. Ajizoeze hivyo kwa saa mezani. Karatasi ya kwanza hutoka zaidi katika masomo ya vidato viwili vya mwanzo, basi daftari za zamani zisitupwe. Mwenye kungoja karatasi za wizi atajikuta amenunua uwongo, au matokeo yake yamefutwa, na dhambi ya kughushi iko palepale.

Jambo lisahauliwalo zaidi ni maabara. Katika Kemia, Fizikia na Biolojia karatasi ya tatu ni ya vitendo, nayo ina alama 40 katika 200. Alama hizo hazipatikani kwa kuhifadhi. Mkono usiowahi kushika bureti hutetemeka siku ya mtihani. Ikiwa skuli haifungui maabara mpaka muhula wa mwisho, wazee wamwendee mwalimu mkuu wakiwa wengi, tena mwezi wa kwanza, si wa tisa.