Nairobi Fly Si Nzi: Jinsi ya Kumtambua

Msimu wa mvua, taa za Soko la Kenyatta zinapowashwa jioni, wadudu huingia kwenye vibanda vya wasusi. Mteja anayesukwa chini ya balbu husikia kitu kikitembea shingoni, akakipiga kofi. Kesho yake shingo ni nyekundu na inawaka kama iliyomwagiwa maji moto.

Watu humwita mdudu huyo Nairobi fly, lakini si nzi. Ni mbawakavu wa jenasi ya Paederus. Ana urefu wa milimita 7 hadi 10 na ni mwembamba, hivyo kwa haraka unaweza kumdhania siafu. Kichwa ni cheusi, kifua na tumbo ni vyekundu au rangi ya machungwa, kisha ncha ya nyuma ni nyeusi tena. Alama ya uhakika ni mabawa ya juu: magumu, mafupi, yenye mng'ao wa buluu au kijani, na huacha sehemu kubwa ya tumbo wazi. Akisumbuliwa huinua tumbo kama nge.

Mbawakavu wa ardhini, wale weusi wanaokimbia sakafuni, nao hufuata taa. Mabawa yao magumu hufunika karibu tumbo lote, na hawana sumu hii. Wafagie nje tu.

Nairobi fly haumi wala hadungi. Sumu yake, pederini, imo katika majimaji ya mwili na hutoka anapopondwa. Kwa hivyo ni lile kofi linalomuumiza mteja. Maumivu huanza baada ya saa 12 hadi 36, wakati mdudu ameshasahaulika, na malengelenge yakijipanga kwa mstari wengine huogopa kuwa ni mkanda wa jeshi. Kidole chenye sumu kikigusa jicho, jicho huvimba. Wakazi waliokuwepo wakati wa mvua ya El Niño ya 1997 na 1998 wanayakumbuka macho hayo.

Mpulize, au mwache apande karatasi umtoe nje. Akipondeka, osha ngozi mara moja kwa sabuni na maji mengi, kisha ufue taulo iliyomgusa. Dawa ya meno haiondoi sumu. Jicho likiathirika, lisafishe kwa maji safi na ufike hospitalini. Mbagathi iko karibu na soko. Wenye vibanda wapunguze taa zisizohitajika, na watikise taulo kabla ya kumfunika mteja.