Kazi ya Maendeleo Vijijini

Wazazi wengi huona haya mtoto wao aliyesoma akichagua kazi ya maendeleo kijijini. Hudhani elimu imepotea bure. Sivyo.

Mwaka 1928 Padre Moses Coady alishika kazi hiyo huko Antigonish, nchini Kanada. Wavuvi maskini hakuwapa sadaka. Aliwakusanya katika vikundi vidogo wajifunze sababu za umaskini wao. Ndipo wakaweka akiba, wakakopeshana, wakauza samaki kwa ushirika.

Leo katika vikundi vingi vya akiba vijijini, sanduku la fedha lina kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu. Bwana maendeleo aliyewafundisha hana hata mmoja. Hiyo ndiyo sifa yake.

Basi, wazazi, kijana wenu akiitwa huko, msimzuie. Mpeni baraka.