Mwaka wa kuelekea miaka sitini

Swali: Mama yetu wa Mtae atatimiza miaka 60 mwakani. Tufanyeje ili mwaka huu tuyakumbuke maisha yake kwa chakula?

Jibu: Miaka 60 ndiyo umri wa lazima wa kustaafu katika utumishi wa umma Tanzania, hivyo hata kwa mkulima namba hiyo imekuwa kituo cha kutazama nyuma. Katika milima ya Usambara, iliko Mtae, kalenda inayofaa ni ya misimu: masika ya Machi hadi Mei, makande ya moto katika baridi ya Juni na Julai, vuli ya Oktoba hadi Desemba, kisha plamu za mwisho wa mwaka.

Kila mlo hubeba miaka yake. Aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1960 alikuwa mtoto wakati wa ukame wa 1973 hadi 1975, taifa lilipoagiza nafaka kwa wingi kutoka nje. Na alikuwa kijana sukari na sabuni zilipoadimika baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Nani alipika nini nyumbani siku hizo, na nani aliachiwa sahani ya mwisho? Maswali haya hujibiwa vizuri zaidi jikoni kuliko ukumbini, mikono ikichambua maharage. Majibu yaandikwe palepale, kwa Kisambaa kama ndivyo yalivyosemwa.

Familia ianze na bibi na mashangazi wakubwa, wangali na nguvu ya kusimulia. Keki na turubai vinaweza kusubiri.